Mvua za Kumsikia Étienne

8 Novemba 1998, Jumapili

Mvua ya kwanza ya maana. Imeanza tulipotoka misa, na mabati yanalia hivi kwamba Georgette, mke wangu, ananisemesha kutoka jikoni nami ninajibu "ndiyo" kwa kila kitu. Nadhani nimekubali kupaka chokaa chumba cha nyuma.

Baadaye: kweli nimekubali. Chumba ni cha mama yake. Anatoka Kakanda, anakuja kukaa kwetu, kwa sababu macho yanamwingia giza. Daktari amesema giza hili si la kupasuliwa likatoka. Linaanzia pembeni, linafunga pole pole kama mlango, na likisha kufunga halifunguki.

Ndiyo maana nimeanza kuandika. Mwanamume anayekwenda kukaa nyumba moja na mama-mkwe anahitaji mahali pa kupumulia.

12 Novemba

Mama Eugénie amefika. Nimemsalimia nikiwa nyuma ya mlango, yeye akiwa barazani, kama bukwe inavyotaka. Kwetu mkwe hakai chumba kimoja na mama wa mke wake, hali mbele yake, hamtazami usoni, na wakitaka kusemezana maneno yanapitia kwa mtu mwingine. Wako wanaopeleka kuku na kitambaa ili jambo hili lifunguliwe. Mimi niliahirisha mwaka wa kwanza wa ndoa, nikaahirisha wa pili, na sasa binti yangu Germaine ameolewa na ana mkwe wake, nami bado ninamfahamu Mama Eugénie vizuri kabisa, lakini kuanzia kifundo cha mguu kwenda chini.

"Georgette," akasema Mama, "ambia bwana yako yambo. Umuambie nyumba yake ni muzuri."

"Mama, eko tu hapa nyuma ya mulango."

"Najua. Juu ya ile njo nakuambia weye."

14 Novemba

Bukari na ndakala, ndio ugali na dagaa. Nimekula jikoni nimesimama, kama paka.

20 Novemba

Nimeadhibiwa kwa majivuno yangu, na adhabu ni sahani ndogo inayong'aa.

Nieleze. Bwana Carlos, Mreno mwenye duka, aliondoka mwezi wa nane vita ilipoanza kutangazwa redioni. Kwa kuwa niliwahi kumchorea ghala lake (mimi ni mchoraji wa mashine katika karakana ya kampuni, ingawa siku hizi karakana haina mashine za kuchorwa, na ninaenda kazini kuchonga penseli), aliniachia kompyuta ya dukani. Kazi niliyoifanya juu yake hadi leo ni mchezo wa karata, na ninashindwa. Lakini nilipomwandikia shemeji yangu Étienne, ndugu ya Georgette, aliye Liège, niliandika: "Siku hizi sisi tunafanya kazi kwa kompyuta." Akaniamini, maskini.

Leo Alphonse, jirani wa zamani aliyerudi kutoka Ubelgiji, ameleta sahani hiyo, ya kuingizwa ndani ya kompyuta.

"Étienne anasema iko cinéma ndani," akasema. "Ya Mama. Na anasema Mama aangalie. Alirudilia ile mara mingi: aangalie, hapana kusikiliza tu."

Mama Eugénie hajamwona Étienne tangu alipoondoka mwaka wa 1991. Alikuwa barazani akichambua maharage. Nikaona vidole vyake vya mguu vikijikunja, vikatulia.

"Georgette," akasema taratibu, "ambia bwana yako afanye haraka. Mi niko na macho kidogo tu yenye imebakia."

22 Novemba, Jumapili

Tulifunga shuka katikati ya sebule. Upande mmoja Mama, Georgette na kompyuta. Upande wa pili mimi, nimepiga magoti, waya wa kipanya umepita chini ya shuka mpaka mkononi mwangu. Georgette aliniongoza.

"Kuume. Juu. Juu zaidi. Umepita! Shuka. Baba Germaine, unapeleka wapi ile kintu?"

"Siione, Georgette. Niko nyuma ya shuka."

"Pale! Finya. Finya mara mbili."

Nikafinya. Kisha Georgette akasoma kwa Kifaransa maandishi yaliyotokea, na maana yake ilikuwa kwamba picha haipatikani, kifaa cha kuifungulia hakimo ndani ya mashine. Chini yake mstari wa herufi na namba zisizo na maana. Kioo cheusi.

Halafu, kutoka bafle mbili ndogo za kutolea sauti, Étienne akaingia nyumbani.

"Mama. Njo minye. Njo minye Étienne."

Ndiye mimi, anasema, kwa Kiswahili chetu cha nyumbani. Sijui niliandikeje. Mvua ilikuwa imepumzika, na sauti yake ilikuwa safi, na ya mtu aliye karibu, aliyevua viatu mlangoni. Kikombe kikagonga meza. Mtoto mdogo akacheka. Étienne akasema huyo ni binti yake, anaitwa Eugénie. "Unaona meno yake, Mama? Mbili tu. Unaona?"

"Siione, mutoto yangu," Mama akakijibu kile kioo.

Kisha akasema: "Sasa angalia, Mama. Angalia muzuri. Nakuya kwako." Tukasikia tok. Tok. Tok. Mlango ukalia. Tok. Pumzi yake ikawa karibu kabisa, akasema, "Umeona? Iko sawa. Usilie." Ikaisha.

Nyuma ya shuka nilibaki na kipanya mkononi kama mtu aliyeshika mkia wa kitu kilichokwisha kukimbia.

"Ile tok-tok ni nini?" Georgette akauliza.

Chini ya shuka nikaona vidole vya mguu vya Mama vikijikunja. "Ni kinu," akasema. "Bibi yake anatwanga sombe."

"Kule Ulaya? Mama! Anamutwangia sombe kule Ulaya!" Mke wangu akatoka mbio kuwaambia majirani wote wa kambi ya kampuni kwamba wifi yake anatwanga kisamvu Ulaya.

24 Novemba

Nimemweleza Georgette hivi: picha imekunjwa ndogo sana ili iingie katika sahani, na mashine yetu haijui mkunjo huo.

"Basi, ikunjue."

"Mikono ya kuikunjua haimo ndani yake. Inabidi iletwe."

"Na weye, muchoraji, mikono yako ni ya nini?"

Nimenakili ule mstari wa herufi na namba, nimempa Kazadi wa karakana. Dada yake ana rafiki Lubumbashi, katika ofisi yenye kompyuta nyingi.

29 Novemba

Kila alasiri saa ileile Mama anakuja kukaa mbele ya kioo cheusi. Ninapita nje ya dirisha, ninaingilia mlango wa nyuma, ninapiga magoti nyuma ya shuka, ninafinya mara mbili. Siku hizi sihitaji kuongozwa. Étienne anaingia, kikombe, mtoto, tok tok, mlango. Anatoka.

Leo umeme ulikatika katikati. Akaishia kwenye "nakuya". Tukamngoja njiani mpaka jioni.

3 Desemba

Mama Fidélie, jirani wetu wa kanisa la uamsho, amesikia kwamba katika nyumba yetu kuna sauti isiyo na uso. Amekuja na dada wawili na chupa ya mafuta. Akasimama mbele ya kompyuta, akanyoosha mkono.

"Pepo, toka!"

"Mama Fidélie," akasema mama-mkwe wangu bila kuinuka, "ile njo mutoto yangu. Nimengoja aingie miaka yote hii. Ukimutosha, na weye utatoka."

Fidélie akafikiri. Kisha akakaa, akaomba naye asikilize. Amelia kuliko sisi sote. Mafuta amemwachia Mama kwa ajili ya macho.

9 Desemba

Mvua. Mvua. Paa la chumba cha nyuma linavuja mahali palepale nilipopaka chokaa kwa makini zaidi.

13 Desemba

Barazani kwetu linaonekana bomba refu la moshi la kiwanda. Mama ndilo analopimia macho yake. Asubuhi anamwambia Georgette, "Ninaliona." Au, "Leo iko nyembamba." Ninayasikia haya nikiwa ndani ninavaa viatu, na nimeanza kuchelewa kuvaa viatu ili niyasikie.

18 Desemba

Kazadi amerudi na disketi!

Nimeiingiza kabla Mama hajaja kukaa. Kompyuta ikanguruma, ikafikiri, ikazimika, ikawaka. Kisha kioo kizima kikawa maji ya buluu, na ndani yake wakaogelea samaki. Wa manjano, wekundu, mmoja mwenye mistari kama pundamilia. Wakapita, wakarudi, viputo vikapanda. Ni pambo tu la kioo. Huyo rafiki wa Lubumbashi alikosea disketi.

Mama na Georgette wakaja, nami nikakimbilia nyuma ya shuka, nikajiandaa kutukanwa. Nikasikia Mama anasema kwa mshangao wa mtoto:

"Georgette. Étienne amekuwa samaki?"

Tulicheka mpaka shuka ikaanguka, nami nikaruka dirishani kabla heshima haijaanguka pia. Nikiwa nje kwenye manyunyu niliona mwanga wa buluu ukitembea juu ya ukuta. Mama hakutaka tuwazime. Alasiri nzima alikaa na samaki wake, akimwambia Georgette: huyu mwekundu anapita, huyu anarudi. Nyumba ilikuwa kama imo chini ya ziwa, nasi wote tunapumua polepole.

19 Desemba

Nimemrudishia Kazadi disketi kwa maneno makali. Amesema barabara imekatika kwa mvua na rafiki amesafiri. Wa kungoja ni nani? Ni sisi.

25 Desemba, Noeli

Kuku. Nilikula jikoni, lakini Mama aliniletea paja mpaka mlangoni na kuliweka chini ya pazia. Mkono wake niliuona. Una kovu la moto karibu na kidole gumba, Georgette hajawahi kuniambia.

2 Januari 1999

Asubuhi Mama akiwa barazani:

"Georgette, wamebomoa lini cheminée ya usine?"

Nilitoka mlango wa nyuma nikaenda kulitazama bomba la kiwanda. Limesimama palepale, refu, lina mawingu kichwani.

3 Januari

Jana sikuandika yote kwa sababu kalamu haikutaka. Nilifikiri macho yangetungoja. Nilifikiri kwa namna fulani mlango ule ungeshikwa na mtu, uwazi mdogo tu, wa kumpitisha Étienne na meno mawili ya mtoto.

Basi ninamtafutia nani picha sasa? Nimemwuliza Georgette. Amesema, "Tafuta tu." Nimeuliza kama ndilo neno la Mama. "Ndilo lake. Anasema maneno ya Étienne yako mule ndani ya picha, hayako mu sauti."

17 Januari

Radi. Tangu mchana mbingu ilikuwa nyeusi upande wa Buluo, nami nikafanya kama mtu mwenye busara: nikachomoa waya wa kompyuta ukutani, nikaifunika blanketi, nikaikumbatia. Georgette alipita akaniona.

"Nikifa kwa radi, unafunika nani kwanza?"

"Wewe una miguu ya kukimbia," nikamwambia.

Radi ikapiga nguzo ya njia yetu. Nuru nyeupe, kishindo, harufu ya kuungua. Kompyuta ni nzima! Nikajisifu. Kisha nikaona moshi mwembamba ukitoka katika bafle ya kuume. Bafle zina waya wao wenyewe wa umeme, upande wa pili wa kabati, na huo sikuuchomoa. Moto ulipita kwenye uzi wa sauti mpaka ndani ya mashine, ukala kipande cha sauti, ukaacha vingine vyote.

Tulikuwa na sauti bila sura. Sasa, kwa akili zangu, hatuna chochote.

18 Januari

Saa yake ilipofika, Mama alikuja akakaa. Niliingia nyuma ya shuka kwa mazoea, sina hata la kufinya. Georgette alikuwa amemwambia. Mama hakulaumu. Baada ya muda nikasikia kama mtu anayesali rozari kwa pumzi tu. Sikupata maneno, lakini nilijua mahali pa kikombe. Nilijua mahali pa mlango.

31 Januari

Kazadi haendi Lubumbashi. Daraja limevunjika.

11 Februari

Leo Mama alimwaga maji ya kuoshea vyombo, nami nilikuwa pale, yakanipata kifuani. Sikupiga kelele, kwa bukwe. Nikasimama nalowa, nikarudi nyuma kwa ncha za vidole. Ninajificha mbele ya mtu asiyeona. Ninainamisha macho mbele ya macho yasiyonitazama. Sasa heshima hii ninamtolea nani? Ukuta?

Lakini akasema, akielekea mahali nilipokuwa: "Georgette, ambia bwana yako abadilishe shati. Atashikwa na kifua."

Georgette alikuwa sokoni Kikula tangu asubuhi.

20 Februari

Sombe. Georgette alitwanga mwenyewe. Nilisikiliza kinu kutoka chumbani, na sijui kwa nini nilikaa kitandani na kiatu kimoja. Kinu chetu kinapiga du, du, haraka, na mchi unarudi juu na pumzi. Yule wa Liège anapiga tok. Anangoja. Tok.

Nikavaa kiatu cha pili.

6 Machi

Kazadi! Disketi! Akanipa akiwa amelowa mpaka masikio. "Safari hii hakuna samaki," akasema. "Niliuliza."

7 Machi, Jumapili

Georgette aliondoka baada ya misa na wamama wa parokia kwenda gereza la Buluo kupeleka chakula. Tulikubaliana tumngoje, tuone pamoja. Nilitaka tu kujaribu kama mikono mipya inaweza kukunjua. Shuka haikufungwa. Mama alikuwa chumbani kwake, nilidhani amelala. Mvua ilikuwa nyembamba, ile ya mwisho mwisho wa msimu, isiyopiga bati, inayolipapasa tu.

Nikaingiza disketi. Nikangoja. Nikaweka sahani, nikafinya mara mbili.

Kioo kikawaka. Mwanzoni vipande vipande, vigae vya rangi vinavyotafutana. Kisha vikashikana, na pale, ndani ya mraba mdogo kuliko kiganja, akaketi mtu mezani. Bila sauti. Midomo ikatembea.

"Mama," ikasema sauti nyuma yangu. "Njo minye. Njo minye Étienne."

Nikageuka. Mama Eugénie alikuwa mlangoni, mkono mmoja ukutani.

"Nimesikia umeacha kupumua," akasema. "Mukwe, imefunguka?"

Mukwe. Aliniita mimi mwenyewe, bila Georgette katikati. Nilitafuta dirisha kwa macho. Nilitafuta shuka. Mwishowe nikajibu ukutani: "Imefunguka, Mama. Ila ni bubu."

"Si kitu. Sauti minye niko nayo." Akaja akipapasa, akakaa kwenye benchi, akagonga mahali pa wazi kando yake. "Kuya hapa. Rudisha mwanzo. Mi nasema, weye unaniambia yenye unaona."

"Mama, tumungoje Georgette."

"Hapana. Georgette ananipenda, atanifichia. Weye na minye hatujazoeana. Kudanganya muntu inaomba mazoea. Ikala."

Nikakaa. Kati ya bega lake na langu ungeweza kupitisha kitabu chembamba. Nikarudisha mwanzo.

Yeye akasema na midomo ya Étienne ikafuata, neno kwa neno, pumzi kwa pumzi. Hakuwahi wala hakuchelewa. Mimi nikasema meza ina kitambaa cha miraba. Kikombe ni cheupe. "Hapa anakigonga," akasema, nacho kikagongwa. Mtoto ana meno mawili, ndiyo, ya chini, na utepe wa manjano. "Anacheka," akasema Mama, na mtoto akafunua kinywa chake akacheka bila sauti kuvuka bahari yote ile. Sijawahi kufanya kazi nzuri hivyo. Miaka yote nimechora gurudumu na parafujo, nami leo nilichora kwa mdomo, na aliyenitazamia hakuwa na macho.

"Sasa angalia, Mama," akasema kwa sauti ya mwanawe. "Angalia muzuri. Nakuya kwako."

Étienne akaondoka kwenye picha. Ikabaki korido ndefu yenye mlango ulioachwa nusu wazi. Akatokea mwisho wake, akaanza kuja.

"Tok," akasema Mama. "Tok. Mukwe, umenyamaza."

"Ni... ni kinu, Mama."

"Mukwe."

Niliona mvua ikitiririka dirishani. Nikakumbuka kwamba hatujazoeana.

"Ni fimbo, Mama. Mguu wa kuume haukunjiki. Anautupa pembeni, kisha anaweka fimbo, kisha anakuja. Pale pa mlango anausukuma kwa bega."

Hakushtuka. Akashusha pumzi ndefu, ya mtu anayetua mzigo.

"Nilijua ile siku ya kwanza. Nilimufundisha kutembea, sitajua mwendo yake? Kinu nilimupatia Georgette, juu asilie. Lakini sikujua kama anaanguka. Kila siku nilingoja hapa nisikie anaanguka. Anaanguka?"

"Haanguki. Anakuja wima. Polepole, lakini wima. Anatuchekea kidogo."

"Umeona? Iko sawa," akasema Mama, kwa wakati wake, "usilie." Safari hii hayo maneno sikujua ni ya Étienne au ni yake kwangu, kwa maana nilikuwa ninafuta pua kwa mkono wa shati. Étienne akafika karibu kabisa, uso wake ukajaa mraba wote, na picha ikasimama hapo, imeisha.

"Uso yake iko vipi?"

"Ni mwanamume sasa. Paji pana. Hapa juu ya nyusi kuna... Mama, sijui kusema."

"Anafanana na nani? Na baba yake? Na minye?"

Nikatazama chini, kwenye vile vidole vya mguu ninavyovifahamu.

"Sijui, Mama. Sijawahi kukuangalia."

Akafikiri. Kisha akatengeneza kitambaa cha kichwani, akakilegeza, akakisukuma nyuma, kama mtu aliyeitwa kupigwa picha, akageuza uso wake kuelekea sauti yangu.

"Kuku utaleta kesho," akasema. "Angalia."

Nikamwangalia. Mlangoni Georgette alikuwa amesimama na kapu tupu la Buluo, maji yanamtiririka. Nikatazama kioo, nikamtazama tena Mama: paji, nyusi, na ule mkunjo mdogo kando ya mdomo wa mtu anayengoja kukutania.

"Ni weye, Mama," nikasema. "Ni weye kabisa. Na ndevu kidogo."